Umehamia Linux na unauliza antivirusi? Anza na mwizi wa laptopu

Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zimepata uhai wa pili kwa Linux. Ni zile za mwaka 2014 hadi 2017 hivi, zenye RAM ya GB 4 au 8, ambazo Windows 11 inazikataa kwa sababu ya prosesa au kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mwenyewe anaileta, tunaweka Linux Mint au Ubuntu (hizi ni aina mbili za Linux), mashine inaamka kama imetoka dukani, na kabla hajatoa pochi anauliza: "Fundi, sasa humu tunaweka antivirusi gani?"

Swali si baya. Ila nikimjibu kwa kumtajia jina la programu tu, nitakuwa nimemuuzia kufuli kubwa la geti na dirisha la nyuma halina nondo. Kinga ya kompyuta ya Linux haianzi na antivirusi, na kwa watu wengi inakamilika bila hiyo. Nitaandika hapa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, nikitumia Mint na Ubuntu kwa kuwa ndizo ninazozikuta zaidi mikononi mwa watu. Mwenye Debian au Fedora atayakuta mambo ni yaleyale, amri ndizo zinazobadilika.

Unamwogopa nani?

Chukua karatasi uandike vilivyomo kwenye kompyuta yako ambavyo ukivipoteza utaumia: tasnifu, hesabu za duka, picha za harusi, barua pepe ambayo ndiyo ufunguo wa akaunti zako zote. Kisha jiulize nani au nini kinaweza kuvichukua.

Kwa mtu wa kawaida orodha yangu inakwenda hivi. Wa kwanza ni mwizi: laptopu kuporwa kwenye bajaji, kubebwa hosteli, kusahaulika kwenye basi la mkoani. Wa pili ni diski kufa, ambayo imeua kazi nyingi mbele ya macho yangu kuliko virusi vyote nilivyowahi kukutana navyo. Wa tatu ni tapeli anayekuletea ukurasa wa benki wa kughushi. Huyu ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na hajali unatumia mfumo gani. Wa nne ni programu mbaya uliyoiingiza kwa mkono wako mwenyewe. Wa tano ni mtu mliyeunga naye Wi-Fi moja. Virusi vya kurukia fleshi, vile tulivyovizoea kwenye Windows, vinakuja mwisho kabisa.

Usinielewe kwamba Linux haiugui. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera za ulinzi na ruta kwa maelfu, na nyingi ya vifaa hivyo vilikuwa vinaendeshwa na Linux. Vilichofanya ni kujaribu nywila za kiwandani tu, zile za "admin" kwa "admin". (Kama ruta ya nyumbani kwako bado ina nywila iliyokuja nayo, acha kusoma, kaibadilishe, urudi.) Seva za Linux nazo zinavamiwa kila siku. Kompyuta za Linux za watu binafsi zinaandamwa kidogo kwa sababu ni chache, na mvuvi hutupa wavu penye samaki.

Hatua ya 1: toleo lenye uhai, lililotoka mahali halali

Kabla ya kinga yoyote, hakikisha toleo lako bado linahudumiwa. Kwa Ubuntu chagua lile la LTS, yaani la huduma ndefu: linatoka kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na kupata masasisho kwa miaka mitano. Ubuntu 22.04 inakwenda hadi 2027, 24.04 hadi 2029. Mint 21 imejengwa juu ya hiyo ya kwanza, Mint 22 juu ya ya pili, na umri wake unafuata humo. Matoleo ya katikati ya Ubuntu yanaishi miezi tisa tu, waachie wanaopenda kujaribu vitu. Kama hujui una lipi, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

cat /etc/os-release

Ukikuta Ubuntu 20.04 au Mint 20, huduma yake ya kawaida ilikwisha mwaka 2025. Kuiwekea mashine hiyo antivirusi ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea LTS kuliko matoleo yanayokimbilia kila kipya. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akagundua kwamba kifurushi cha xz, kinachotumika kubana faili karibu kila mahali, kilikuwa kimepandikizwa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza alikuwa amejenga uaminifu kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili. Waliokuwa na matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, au mifumo inayosasishwa mfululizo kama openSUSE Tumbleweed, iliwabidi wakague mashine zao. Wenye Ubuntu LTS na Debian ya kawaida hawakuguswa, kwa sababu tu toleo lile lilikuwa halijawafikia.

Kisha uhakiki faili la ISO ulilopakua, yaani lile lenye mfumo mzima wa kusakinisha. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kugeuza kiungo cha Mint 17.3 Cinnamon, kielekeze kwenye ISO yenye mlango wa nyuma. Aliyepakua siku ile alisakinisha mwizi pamoja na nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuandika ISO kwenye fleshi:

sha256sum jina-la-faili.iso

Linganisha mlolongo huo wa herufi na tarakimu na uliotolewa na watengenezaji. Wanatoa pia saini ya kidijitali, ya GPG, ya orodha hiyo, na maelekezo ya kuikagua yako kwenye kurasa zao. Ni dakika kumi za ziada, na kwa kisa kile cha 2016 ndiyo inayokata mzizi wa fitina, kwani anayeweza kubadili kiungo anaweza pia kubadili namba iliyoandikwa pembeni yake. Rafiki akikugawia Linux, muombe faili lenyewe la ISO, si fleshi iliyokwisha andaliwa, ili uweze kulihakiki.

Hatua ya 2: simba diski, na ufanye hivyo wakati wa kusakinisha

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lake hulioni mpaka siku laptopu imeibwa.

Nywila unayoandika kuingia kwenye kompyuta haifungi faili zako. Mtu akiwasha mashine yako kwa fleshi ya Linux, kama ile uliyosakinishia, anafungua diski na kusoma kila kitu bila kuulizwa chochote. Wateja wangu wengine hawaamini mpaka niwaonyeshe kwenye mashine zao wenyewe. Inachukua dakika tano.

Dawa ni kusimba diski nzima, yaani kuigeuza isisomeke bila nywila, kwa LUKS, mfumo uliomo ndani ya Linux bila malipo. Kisakinishi cha Mint na cha Ubuntu, vikifika mahali pa kuchagua diski, vina sehemu ya chaguo za ziada yenye LVM na usimbaji. Weka alama hapo, utaombwa nywila, basi. Tangu siku hiyo mashine itauliza nywila hiyo kila ikiwashwa, kabla ya kitu kingine chochote.

Nywila yenyewe iwe maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano "muhogo reli kanzu tisini ngalawa" (huu sasa umeshasomwa na watu, tunga wako). Maneno ya Kiswahili ya kubahatisha ni rahisi kukumbuka na magumu kukisia kuliko "Juma@1990". Alama za ajabuajabu ziepuke hapa, kwa kuwa kibodi inaweza kuwa na mpangilio mwingine pale mwanzoni kabla mfumo haujapanda, ukajikuta umefungiwa nje ya nyumba yako na ufunguo unao mkononi.

Mambo matatu ya kuelewa kabla hujaamua. Ukisahau nywila ya LUKS, hakuna fundi wala kampuni itakayokufungulia. Iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani pamoja na hati zako, sio ndani ya begi la laptopu. Pili, usimbaji unalinda mashine iliyozimwa. Ukifunika tu kioo ikalala, ufunguo bado uko kwenye RAM, kwa hiyo ukisafiri izime kabisa. Tatu, kasi: prosesa nyingi za Intel Core za miaka niliyoitaja zina maelekezo maalumu ya AES, hesabu ya usimbaji, ndani yake, na mtumiaji wa kawaida hatasikia tofauti.

Na je, kila mtu asimbe? Hapana. Kompyuta ya mezani ya familia, inayokaa sebuleni, inayotumiwa na watoto na bibi, yenye picha na kazi za shule, mimi siisimbi. Hatari ya nywila kusahaulika ni kubwa kuliko ya mwizi kutaka picha za ubatizo. Laptopu inayotembea, au yenye taarifa za watu wengine (mwalimu mwenye matokeo ya wanafunzi, muuguzi, mhasibu, mwandishi wa habari), hiyo haina mjadala.

Ulishasakinisha na hukumbuki ulichagua nini? Andika:

lsblk -f

Ukiona neno crypto_LUKS, umesimba. Usipoliona, njia safi ni kuhifadhi faili zako nje, kusakinisha upya na kuziingiza tena. Kama huna nafasi ya hilo sasa, sakinisha VeraCrypt utengeneze kasha moja lililosimbwa, uweke humo nyaraka nyeti. Fleshi na diski za nje zifanyie vivyo hivyo: programu ya Disks ina chaguo la kuumbiza kwa LUKS na nywila, ila Windows haitaifungua, hivyo kwa fleshi inayozunguka pande zote mbili tumia VeraCrypt.

Hatua ya 3: masasisho, na suala la bando

Nimekuta watu waliozima masasisho ili kuokoa bando. Nawaelewa. Lakini hii ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote. Januari 2022 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina PwnKit, ndani ya programu ndogo ya pkexec iliyoko kwenye karibu kila Linux. Ilikuwa imekaa humo tangu 2009, na ilimwezesha mtumiaji yeyote wa kawaida kwenye mashine kujigeuza kuwa bwana mkubwa, root. Dawa yake ilikuwa sasisho dogo la siku ileile.

Ubuntu huweka masasisho ya usalama yenyewe kila siku, usiizuie. Mint inasubiri ruhusa yako: fungua Update Manager, nenda kwenye mapendeleo yake, sehemu ya Automation, uwashe. Kwa wanaopenda teminali (sudo ni neno la kuruhusu amri ifanye kazi kama root):

sudo apt update
sudo apt upgrade

Mwenye bando dogo afanye hivi: kila sasisho kwenye Update Manager linaonyesha aina yake, la usalama au la kawaida. Chukua ya usalama mara moja pamoja na kivinjari, ya kawaida yasubiri Wi-Fi ya ofisini au bando la usiku. Kiini kipya (kernel, moyo wa mfumo) peke yake kinaweza kupita MB 100, kwa hiyo kipange. Baada ya kiini kipya washa upya mashine, maana sasisho lililokwisha wekwa na mashine haijawashwa upya bado halijaanza kazi.

Wenye Ubuntu wana kitu kimoja cha ziada. Programu nyingi, VLC ikiwemo, ziko kwenye ghala linaloitwa universe, ambalo Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, haikuahidi kulihudumia kwa usalama kwa kila mtu. Ukijiandikisha Ubuntu Pro, bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, ghala hilo nalo linaingia kwenye huduma, na umri wa LTS unarefuka hadi miaka kumi. Amri ya pro security-status itakuonyesha ulipo.

Hatua ya 4: programu unazozitoa wapi?

Kama kuna kirusi kitakachoingia kwenye Linux yako, nina hakika kitaingia hivi: utakikaribisha mwenyewe, utakipa nywila ya sudo, na utakishukuru.

Kisa cha Free Download Manager kinanitosha kwa mfano, hasa kwa kuwa sisi wa mitandao inayokatikakatika tunapenda programu za kupakulia. Septemba 2023 kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba baadhi ya waliokwenda kwenye tovuti rasmi ya programu hiyo walikuwa wakielekezwa kimyakimya kwenye tovuti nyingine, wakapewa kifurushi cha .deb (faili la kusakinishia programu) chenye sumu. Kilikuwa kinakomba nywila zilizohifadhiwa, historia ya kivinjari na faili za pochi za sarafu za kidijitali. Kilisambazwa hivyo kuanzia 2020 hadi 2022. Watu waliona mashine zina vitu vya ajabu, wakaulizana, na bado hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo kanuni yangu ina ngazi. Tafuta kwanza kwenye ghala la mfumo wako, Software Manager ya Mint au apt. Isipokuwepo, angalia Flathub, duka la mtandaoni la programu za Linux, na uchague yenye alama ya kuthibitishwa. Mint 22 imeficha zisizothibitishwa tangu mwanzo, na ni uamuzi mzuri. Duka la Snap la Ubuntu nalo ni rahisi, lakini mwaka 2018 ilikutwa humo programu ya mchezo iliyokuwa inachimba sarafu kwa umeme wa watu, na miaka ya karibuni zimepita pochi bandia zilizomwacha mtu bila akiba yake. Pochi ya fedha usiichukue kwenye duka lolote kwa kuona nembo tu. Faili la .deb kutoka kwenye tovuti liwe la mwisho, na liwe la mtengenezaji unayemjua.

Zile amri za kunakili kutoka mtandaoni, hasa zinazoanza na curl na kuishia na sudo bash, zinamaanisha "mgeni nisiyemjua, ingia, ukae chumbani kwangu". Zipo halali nyingi. Lakini pakua kwanza hiyo skripti, ifungue kwa kihariri cha maandishi, uisome hata kama unaelewa nusu. Tatizo ni kwamba madirisha mengi ya onyo bado yanakuja kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na bado mtu anabonyeza OK kwa sababu hajui kilichoandikwa. Ukiombwa nywila na hukuwa unasakinisha kitu, jibu ni kughairi.

Hatua ya 5: fayawoli

Hii ni fupi. Ubuntu na Mint zina fayawoli, yaani mlinzi wa milango ya mtandao, iitwayo ufw, ipo tayari ila imelala. Iamshe:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw enable
sudo ufw status verbose

Asiyependa kuandika amri afungue Firewall Configuration kwenye menyu ya Mint, au asakinishe gufw, na abonyeze kitufe kimoja. Fedora inakuja na firewalld ikiwa macho tayari.

Je, inahitajika kweli? Wapo wanaosema kompyuta ya Linux ya nyumbani haina milango iliyo wazi. Angalia mwenyewe:

ss -tuln

Anwani zinazoanza na 127 au [::1] ni za ndani, hazina shida. Zenye 0.0.0.0, [::] au nyota zinasikiliza nje. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alionyesha kwamba cups-browsed, kihudumu cha kutafuta printa, kilikuwa kinasikiliza nje kwenye mlango wa 631 na kumruhusu mgeni kukupachikia printa bandia. Ukichapisha kupitia hiyo printa, amri zake zinaendeshwa kwenye mashine yako. Aliyewasha ufw alikuwa amefunga mlango ule bila hata kujua upo. Mimi naiwasha kila mahali.

Itakusumbua ukitumia KDE Connect kuunganisha simu. Fungua milango yake tu:

sudo ufw allow 1714:1764/tcp
sudo ufw allow 1714:1764/udp

Wanafunzi wa programu wanaotumia Docker wajue kwamba Docker inaandika kanuni zake na kuiruka ufw. Funga kontena kwenye 127.0.0.1.

Hatua ya 6: sasa, antivirusi

Tumefika. Chaguo la kweli kwa mtu binafsi ni ClamAV, ya bure na huria, inayotunzwa na Cisco. Kampuni kadhaa zilizokuwa na antivirusi ya Linux ya nyumbani zimeifunga; nyingi ya zilizobaki zinauzia ofisi na seva.

Uielewe kwa kazi yake. ClamAV ilikulia kwenye seva za barua pepe, ikichuja viambatisho visimfikie mwenye Windows. Haikai mlangoni ikizuia kila kitu kama ulivyozoea. Wewe ndiye unayeiambia ikague. Inabeba kumbukumbu za virusi zinazokula zaidi ya GB 1 ya RAM zinapofunguliwa, hivyo kwenye mashine ya GB 4 usisakinishe ile sehemu yake ya daemon inayokaa macho muda wote. Sakinisha ya kuita ukiihitaji:

sudo apt install clamav

Subiri ishushe orodha yake ya virusi, MB 200 hivi mara ya kwanza, kwa hiyo usifanye hivi kwa bando la buku. Kisha kukagua fleshi:

clamscan -r -i /media/$USER

Ikikutajia faili, usikimbilie chaguo la kufuta lenyewe. Inakosea mara mojamoja, na faili lililotajwa linaweza kuwa tasnifu ya mtu.

Fleshi ndiyo kazi yake hasa kwetu. Unakwenda steshenari kuchapisha barua, kompyuta ya pale imepita mikononi mwa mtaa mzima, fleshi inarudi na vile virusi vya "shortcut". Kwenye Windows utaona vifupisho tu na faili zako "zimepotea". Kwenye Linux mara nyingi utaona kila kitu peupe: vifupisho vya .lnk, faili la autorun.inf, na kabrasha ambalo jina lake ni kama nafasi tupu. Faili zako zimo humo ndani, nzima. Zinakili kwenye kompyuta, iumbize fleshi upya, uzirudishe. Kirusi chenyewe hakiwezi kuendesha kitu kwenye Linux yako, ila ukikipeleka kwenye Windows ya bosi, kitaamka. Unabeba ugonjwa usiokuuma.

Hivyo nani aweke ClamAV? Anayebadilishana faili na watu wa Windows kila siku, yule ambaye ofisi yake inadai, na anayetumia Wine kuendesha programu za Windows, maana Wine inaweza kuendesha pia virusi vya Windows, na vikafika kwenye faili zako. Wengine wote wanaweza kuiacha bila kukosa usingizi. rkhunter, programu ya kutafuta virusi vilivyojificha ndani ya mfumo, inayopendekezwa sana kwenye miongozo ya zamani, toleo lake la mwisho ni la 2018. Itakutisha kwa maonyo ya uongo kuliko itakavyokusaidia.

Na kuna mlinzi ambaye tayari unaye: AppArmor kwenye Ubuntu na Mint, SELinux kwenye Fedora. Wanaziwekea programu mipaka ya kugusa faili. Ukikuta ushauri unaosema "zima SELinux tatizo litaisha", tafuta ushauri mwingine.

Hatua ya 7: kivinjari na nywila

Tapeli wa benki hapiti kwenye mfumo, anapita kwenye macho yako. Weka uBlock Origin, kizuia matangazo, kwenye Firefox. Matangazo ya "kompyuta yako ina virusi 5" yatapungua, na bando litapumua. Nywila ziweke kwenye KeePassXC, programu inayohifadhi kila kitu kwenye faili moja lililosimbwa bila kuhitaji intaneti. Ina faida ambayo watu hawaioni: ukiiunganisha na kivinjari, haitajaza nywila kwenye tovuti ya kughushi, kwa kuwa inasoma anwani halisi wakati wewe unasoma nembo.

Uthibitisho wa hatua mbili kwa barua pepe yako ni lazima, na uwe wa programu ya kutoa namba, si wa SMS. Laini za simu zinaibwa kwa kusajiliwa upya, na wengi wetu laini hiyohiyo ndiyo yenye pesa.

Hatua ya 8: bekapu

Diski kufa tuliiweka ya pili kwenye orodha, na hakuna kati ya hayo yote juu linaloizuia. Timeshift, inayokuja na Mint, inahifadhi mfumo, ila makabrasha yako binafsi haiyagusi isipokuwa uiambie. Nimeshuhudia mtu aliyeiamini miaka miwili akifikiri picha zimo. Kwa faili tumia Déjà Dup, ambayo kwenye menyu inaonekana kwa jina la Backups. Iwekee nywila, ielekeze kwenye diski ya nje, na ukimaliza ichomoe uiweke nyumba nyingine au ofisini. Mwizi akibeba begi lenye laptopu na diski ya bekapu, amebeba vyote.

Baada ya bekapu ya kwanza, chagua faili moja usilolipenda sana, lifute, kisha lirudishe kutoka kwenye diski ulifungue. Likigoma, afadhali ujue leo ukiwa na la asili bado kwenye takataka.